Je, Ni Haki Kumpita Aliyeanguka?

Kuna swali dogo ambalo limetusumbua muda mrefu, nalo lilianza katika matope. Swali ndilo hili: watu wakishindana, na mmoja wao akaanguka, je, mwenzake ana haki ya kumpita?

Wakaaji wa Butembo wajua matope ni nini. Mji wetu umekaa juu ya vilima, mita 1,700 hivi juu ya bahari. Wakati wa mvua, asubuhi baridi huingia mifupani, na udongo mwekundu hugeuka utelezi mtupu. Mwenye kinga, kama tunavyoiita baisikeli huku kwetu, hushuka mara tatu katika mlima mmoja: mara aisukume, mara aibebe begani, mara aizuie isimkimbie.

Huko Ulaya taabu hiyo imefanywa mchezo. Siku za baridi kali, mashamba yakijaa matope na theluji, watu huzunguka humo na baisikeli muda wa saa moja hivi, wakipanda na kushuka, baisikeli begani. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huo yalifanyika Paris mwaka 1950, akashinda Jean Robic wa Ufaransa. Wachuuzi wetu wanaopandisha ndizi na makaa wakisikia habari hiyo watacheka: kumbe wako watu wafanyao kwa furaha yale tunayoyafanya kwa kutafuta chumvi!

Lakini vijana wetu nao hushindana. Zamani, tulipokuwa na nguvu za ujana, tuliingia katika mashindano madogo ya mtaa, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Zawadi ilikuwa mbuzi kwa wa kwanza, kuku kwa wa pili, na vipande vinne vya sabuni kwa wa tatu. Sisi tulikuwa wa nne. Katika mteremko wa mwisho, kabla ya daraja, kijana aliyetutangulia aliteleza, akatupwa mferejini pamoja na baisikeli yake. Tulimwona. Tuliendelea. Tukapata sabuni.

Jioni tulisikia kwamba kijana yule amevunjika mtulinga, na kwamba alilala mferejini mpaka mama mmoja aliyetoka shambani akamwinua. Hakuna aliyetulaumu. Watu walisema: “Mashindano ni mashindano.” Lakini sabuni ile hatukuitumia kwa raha.

Basi, tulichunguze jambo hili polepole, maana kuna kuanguka kwa namna nyingi.

Kwanza, yuko anayeteleza tu. Matope ni yale yale kwa wote. Aliyejua kuyakanyaga atapita, asiyejua atakaa chini. Kumpita huyu si dhambi, wala si ukosefu wa upendo. Ndiyo maana ya mchezo. Tukimsimamia kila anayeteleza, twamnyima hata yeye heshima ya kushindana.

Pili, yuko anayekosea bila kushindwa. Tarehe 2 Desemba 2012, katika mbio za nyikani huko Burlada, nchi ya Hispania, Mkenya Abel Mutai alikuwa mbele ya wote. Mwaka uleule alikuwa amepata medali ya shaba katika Olimpiki ya London. Akidhani amekwisha kufika, alipunguza mwendo kabla ya mstari wa mwisho. Nyuma yake alikuja Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita. Hakumpita, alimwashiria aendelee mbele, akamfuata nyuma mpaka mwisho. Alisema Mutai ndiye aliyestahili kushinda, maana yeye asingeweza kumfikia kama asingekosea. Na mwalimu wake, Martín Fiz, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, alisema wazi kwamba yeye mwenyewe asingefanya hivyo. Twaona basi kwamba hata watu wema hawapatani hapa. Sheria ilimruhusu Fernández apite. Yeye alijiuliza neno jingine: ushindi huu ni wa nani?

Tatu, yuko aliyeumia. Juu ya huyu hatuna haja ya maneno mengi. Mtu akiwa katika hatari, mashindano yamekwisha, hata kama mwamuzi hajapiga filimbi. Hakuna mbuzi anayelingana na mfupa wa mtu.

Pengine msomaji atasema: “Vema, lakini ninyi hamkujua kwamba ameumia. Mlidhani ameteleza tu.” Ni kweli, hatukujua. Lakini kwa nini hatukujua? Kwa sababu hatukutazama mara ya pili. Tulijiambia “ameteleza tu”, si kwa kuwa tuliona hivyo, bali kwa kuwa tulitaka iwe hivyo. Kuna kutojua kwa mtu aliyekosa njia ya kujua, na kuna kutojua kwa mtu aliyegeuza uso. Kule kwa kwanza si kosa. Kule kwa pili ni kosa lililovaa nguo ya kule kwa kwanza.

Sheria za mchezo hazitusaidii hapa. Zaweza kumkamata mdanganyifu. Mwaka 2016, huko Zolder, Ubelgiji, katika mashindano ya dunia ya baisikeli za matope, ilikutwa mota iliyofichwa ndani ya baisikeli, na mwendeshaji wake akafungiwa miaka sita. Mota yaweza kuonekana kwa vyombo. Lakini ni chombo gani kitakachoona jicho lililokataa kutazama?

Mwingine atasema: “Kila mtu akifunga breki kwa kila anayeanguka, hapatakuwa na mashindano.” Twamjibu: hatusemi kila mtu asimame. Katika mteremko ule, kupunguza mwendo na kuita “Uko mzima?” kungetugharimu pumzi tano. Kama angejibu “Ndiyo, piteni!”, tungepita kwa moyo mweupe. Kama angenyamaza, tungejua la kufanya. Ruhusa ya kupita tulikuwa nayo. Ruhusa ya kutotazama hatukupewa na mtu.

Tena jambo hili si la michezo tu. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi, barabara ikishuka kupitia Maboya na Kabasha. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa pande za Beni wamekimbia mauaji, wakitembea na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Sisi wenye pikipiki, wenye lori na wenye kinga tumewapita. Kila mmoja wetu ana safari yake, na kila mmoja hujisemea: “Bila shaka wana ndugu mbele.” Neno hilo ni ndugu wa lile la “ameteleza tu”.

Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko nayo ilikuwa ya mteremko. Injili haisemi kwamba kuhani na Mlawi walimchukia yule aliyelala kando. Yasema walimwona, wakapita.

Baada ya juma moja tulikwenda kumtazama kijana yule, tukampelekea sabuni yake. Alicheka, akatuambia kwamba kama tungeanguka sisi, naye angepita vilevile. Neno hilo halikututuliza. Lilituonyesha tu kwamba ugonjwa huu ni wetu sote, mwenye kuanguka na mwenye kupita. Mkono wake ulipopona alirudi kushindana, nasi tukarudi. Lakini siku ile ya kumtazama tulipatana jambo moja naye, nalo tunalishika hadi leo: kabla ya kumpita aliye chini, kwanza tumwulize.