Asiye na Upande, Je, ni Msaliti?

Wahenga walisema, fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Neno hili ni kweli, lakini latuachia swali. Mtu akikataa kuwa fahali, wala hataki kuwa nyasi tu, asimame wapi? Na akisimama katikati, je, tumwite mwenye haki au msaliti? Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, wanafunzi walituuliza swali hili mara nyingi. Leo twapenda kulitazama pamoja nanyi, wapendwa, katika maisha ya mkulima mmoja wa Marekani.

John Kline alizaliwa Pennsylvania mwaka 1797. Angali kijana, jamaa yake walihamia Virginia, katika bonde la Shenandoah. Mwaka 1818 alimwoa Anna Wampler, wakajenga nyumba karibu na kijito cha Linville, wakalima. Hawakujaliwa kulea mtoto wao. Kline alikuwa mtu wa madhehebu ya Ndugu, yenye asili ya Ujerumani, ambayo wahubiri wake hawakulipwa mshahara; walikula jasho la shamba kama walivyofanya waalimu wengi wa makanisa yetu ya vijijini. Alihubiri, akatibu wagonjwa kwa dawa za mimea, akasafiri maelfu ya maili milimani, miaka mingi juu ya farasi wake jike aitwaye Nell. Kila alipoondoka, Anna alibaki na nyumba. Tukimsifu mhubiri, tusimsahau aliyebaki.

Ndugu hao walikataa mambo mawili: kumiliki mtumwa na kwenda vitani. Mwaka 1861 vita vilizuka kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini, na Virginia ikawa upande wa Kusini. Kline aliwaandikia wakuu kuwatetea vijana wake, na mwaka 1862 sheria zikatoka zikiwaruhusu watu wa imani hiyo kulipa dola 500 badala ya kushika bunduki. Aprili mwaka huohuo yeye mwenyewe aliwekwa kifungoni Harrisonburg. Alipofunguliwa hakuacha safari zake. Mkutano mkuu wa Ndugu wa kila mwaka ulimtaka awe mwenyekiti, naye akavuka mpaka wa majeshi kwenda Kaskazini, kisha akarudi nyumbani. Wengine wakamdhania kuwa mpelelezi. Tarehe 15 Juni, 1864, alipigwa risasi njiani, si mbali na kwake, zikiwa zimebaki siku mbili atimize miaka 67.

Sasa turudi kwenye swali. Wako watakaosema: vita vile ndivyo vilivyovunja utumwa katika Marekani, kama wote wangalikuwa kama Kline, minyororo ingalikatwa na nani? Hoja hii ni nzito, wala haifai kuirukaruka. Mtumwa aliyekuwa akichapwa hakuwa na nafasi ya kungoja mioyo ya mabwana ilainike. Kwa hiyo hatuthubutu kusema kwamba kila aliyeshika bunduki alikosa, wala kwamba kukataa bunduki peke yake kwatosha kumfanya mtu awe mwema.

Lakini tutazame jambo moja. Iko namna mbili ya kutokuwa na upande. Ya kwanza ni ya mtu anyamazaye ili asipoteze kitu. Huyo huona uovu, akafunga dirisha lake, akasema, "Mimi simo." Ya pili ni ya mtu asemaye wazi kwamba utumwa ni dhambi, hali anakaa katikati ya wenye watumwa, na bado hakubali kumwua jirani yake. Huyo amo kabisa! Wa kwanza hulinda ngozi yake. Wa pili huitoa. Basi kipimo ni hiki: msimamo wangu wamgharimu nani? Ukiwa wawagharimu wengine tu, huo ni woga uliovikwa kanzu ya amani.

Kwa kipimo hiki, Kline hakuwa msaliti. Msaliti huwauza wenzake apate faida. Yeye alilipa kwa kifungo, na mwisho kwa uhai wake. Hata hivyo gharama hiyo haikuwa yake peke yake. Anna naye alilipa, akabaki mjane. Anayechagua njia ngumu yampasa akumbuke kwamba hachagulii nafsi yake tu.

Kwetu sisi majeshi hayapo mlangoni, lakini ugomvi upo: wa mpaka wa shamba, wa urithi, hata wa viti vya halmashauri ya kanisa. Tukitaka kukaa katikati, tuseme kweli kwa pande zote mbili, tuwatembelee wote wawili, na tuwe tayari kulaumiwa na wote. La sivyo tusijiite wapatanishi. Mungu atujalie ujasiri huo.