Ngumi Kifuani

Mgeni mmoja, siku anaondoka Utende, aliniachia kamera yake ndogo, ile ya kufumbata kiganjani, pamoja na kasha lake la kuzamia, fimbo fupi ya kushikia na taa ya kubana pembeni. Nilifurahi mno. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni chini ya maji katika Ghuba ya Chole, hapa Mafia, na miaka yote hiyo wao ndio wanaorudi kwao na picha. Mimi nyumbani narudi na maneno. Nilitaka wanangu waone kwa macho yao mahali baba yao anaposhinda.

Siku ya mapumziko nikamchukua mdogo wangu, mtoto wa ami, aliyekuwa amepata cheti cha kuzamia miezi michache nyuma. Tukakubaliana twende Mlango wa Kinasi. Mwenyeji anajua kanuni ya pale: unazamia maji yakijaa. Ndipo maji safi ya bahari kuu yanapoingia ghubani, na mkondo ukikuchukua unakuleta ndani, kwa watu. Yakianza kupwa, maji yaliyolala juu ya mchanga na kwenye mizizi ya mikoko yanatoka na taka zake zote, na mkondo unakupeleka nje. Siku hiyo ilikuwa bamvua.

Tulichelewa kwa sababu ya unywele. Nilipokuwa nafunga kasha niliuona umelala juu ya pete ya mpira inayozuia maji. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga yatosha kuvujisha, kwa kuwa mita 20 chini kanieneo ni mara tatu ya ile tuliyoizoea juu. Nikafungua, nikafuta pete, nikaipaka grisi yake, nikafunga, nikalichovya kasha kwenye ndoo kutazama mapovu, sikuridhika, nikafungua tena. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini mahali pake ni nyumbani, juu ya meza, usiku wa kuamkia safari. Mimi niliifanyia mashuani. Nahodha akanionyesha kwa kidevu kamba ya boya, ambayo ilikuwa imekwisha kulegea na sasa inaanza kulalia upande wa bahari.

"Maji yanageuka, mwanangu."

"Dakika kumi tu, mzee."

Zikawa nusu saa, na hakuna aliyenikatalia, maana mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa safari.

Tulishuka hadi mita 18. Maji yalikuwa kama yale ya kuosha mchele mara ya kwanza, ila yana ukijani. Mapezi ya mdogo wangu yalikuwa yakinipotea akiniacha kwa mita nne. Sisemi kwamba maji ya namna hiyo ni mabaya. Upande wa pili wa kisiwa, Kilindoni, bahari hujaa vijiumbe na tope linaloletwa na Rufiji, na papa potwe huja kula huko kati ya Oktoba na Machi. Palipo na ukungu pana chakula. Lakini mtu aliye ndani yake lazima abadili mwendo, nami sikubadili.

Niliwasha taa, na kioo cha kamera kikajaa vitone vyeupe vinavyokimbia. Umewahi kuingia jikoni asubuhi, mwali wa jua umepenya dirishani, ukaona vumbi ambalo dakika moja kabla halikuwapo? Ndivyo inavyokuwa. Taa iliyobanwa ubavuni mwa lenzi huangaza kila chembe iliyo mbele yake, na mwanga ule hurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Ukiongeza ukali wa taa unaongeza vitone. Dawa yake ni kuitoa taa ubavuni, kwa mkono mrefu unaoipeleka kando ili imulike kwa upande, au kuizima kabisa, na kukikaribia kitu hadi ubakize maji machache kati yako na chenyewe. Hata kile kioo chekundu cha kuvika mbele ya lenzi, kinachosaidia katika maji safi ya bluu ambako rangi nyekundu humezwa ndani ya mita chache za mwanzo, katika maji ya kijani yenye giza kinakunyang'anya mwanga kidogo uliobaki. Nilikuwa nimekivika.

Kuna udanganyifu mwingine, na huo ndio ulioniponza. Miwani ya kuzamia hukuza vitu kwa karibu theluthi moja, ukaviona viko karibu kuliko vilivyo. Lenzi ya kamera hizi ni pana sana, nayo hufanya kinyume: mtu aliye hatua mbili mbele yako anaonekana mdogo, kama yuko ng'ambo ya uwanja. Nilipokuwa natazama kwenye kioo nilizoea kumwona mdogo wangu kama kijisanamu cha kidole gumba, kimefifia ndani ya ukungu. Kilipofifia zaidi sikushtuka. Kilipotoweka nilidhani kitarudi. Nilikuwa nimeiachia kamera kazi ya macho yangu, na sijui ni dakika ngapi zilipita kabla sijainua uso.

Nilipouinua palikuwa na maji tu.

Nilizunguka papo hapo, nikatazama juu kutafuta mapovu, nikagonga mtungi kwa kisu. Kanuni ni kumtafuta mwenzako kwa dakika moja, ukimkosa unapanda, naye anapanda, mkutane juu. Nikapanda polepole, nikasimama mita 5 kwa dakika tatu. Dakika zile tatu nilizihesabu kwenye saa huku mkondo ukinivuta. Nilijua umeniburuta hadi wapi. Nilijua pia kwamba mtu mgeni wa kazi hupumua kwa pupa, na kwamba hewa ya mtungi, mita 18 chini, huisha karibu mara tatu ya inavyoisha juu.

Nilipotokeza sikuona mashua. Mawimbi ya kusi yalikuwa yananifunika, ghuba iko nyuma yangu. Nilipuliza filimbi hadi midomo ikafa ganzi. Mashua ilikuwa mbali nje, imefuata puto la ishara la mdogo wangu, la rangi ya chungwa, na namshukuru nahodha hadi leo kwa kwenda kwanza kwa yule mdogo. Waliponijia, kijana alikuwa amejikunyata kwenye tezi, amejifunika kanga ya nahodha, anatetemeka. Alifuata kanuni zote, peke yake. Geji yake ya hewa ilisoma baa 20. Tumefundishwa kuwa juu na 50.

"Nilikuashiria, kaka," alisema, na hakusema zaidi.

Usiku tuliweka kadi kwenye kompyuta. Kamera haikuingia hata tone. Dakika nzima nzima zilikuwa vitone vyeupe juu ya kijani. Kisha, hapohapo, mdogo wangu anageuka. Yuko karibu, karibu kuliko nilivyodhani, ningenyoosha mkono ningemshika. Anaweka ngumi kifuani: hewa inaniishia. Anasubiri. Macho yake yanaonekana wazi ndani ya miwani, yananitazama mimi, si kamera. Anaweka ngumi tena. Halafu picha inatikisika, inahama taratibu kwenda kushoto, kwa uangalifu mkubwa, na kumtafuta chewa aliyekuwa anaingia chini ya mwamba.