USIMPIGIE KIZIWI KELELE



Katika soko hapa Likasi, mama mmoja kiziwi alinionyesha vidole viwili. Nikampimia meka mbili za unga. Kumbe alitaka unga wa faranga 2000 tu. Aliponirudishia, nikampigia kelele, watu wakacheka, akaenda nyumbani bila chakula. Kosa lilikuwa langu.

Someni Luka 1:62-63. Zakaria hakuweza kusema. Watu walimwuliza kwa ishara, naye akaomba kibao, akaandika. Hivyo wakaelewana.

Ndugu muuzaji, mtazame kiziwi usoni. Mwonyeshe kipimo, andika bei, ngoja akubali kwa kichwa, ndipo umimine.

Mimi ninamtafuta mama yule, nimwombe msamaha kwa mikono hii.

Amina.