Jumatatu ya Mchungaji

Somo: 1 Wafalme 19:1-18



Juu ya mlima Karmeli Eliya alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Moto ukashuka, watu wakaanguka kifudifudi, na mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu. Sura inayofuata tunamkuta jangwani, chini ya mti wa mretemu, akimwomba Mungu aichukue roho yake. Hakuwa ameanguka dhambini. Alikuwa amechoka, Yezebeli amemtisha, naye alikuwa amemwacha mtumishi wake Beer-sheba.

Wachungaji wengi wanaujua mti huo. Mara nyingi wanaukuta siku ya Jumatatu.

Tuiangalie Jumapili ya mchungaji wa kanisa kama letu hapa Marekani. Anafika mapema kupanga viti katika ukumbi wa kukodi. Anahubiri. Baada ya ibada mmoja anamletea barua ya uhamiaji, mwingine amepata msiba nyumbani na nauli hana, na wanandoa wawili hawasemezani. Usiku simu hazikomi. Jumatatu alfajiri anaingia kazini kama sisi wengine, maana sadaka hailipi kodi ya nyumba. Na kama watu 50 walibarikiwa na mmoja akanung'unika, neno la yule mmoja ndilo linalolala naye.

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili. Wakati wa dharura mwili humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, njaa na uchovu havisikiki. Zamu ikiisha, mwili unadai deni lake: usingizi, machozi, hasira za karibu. Lakini baada ya saa 12 tunakabidhi zamu. Tunamweleza mwenzetu hali ya kila mgonjwa, kisha tunakwenda nyumbani. Mchungaji anamkabidhi nani?

Tazameni Mungu alivyomtibu Eliya. Hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akala, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili. Kwa nguvu za chakula hicho akatembea siku 40 mpaka Horebu. Huko alilalamika kwamba amebaki peke yake, na Mungu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia wako watu 7,000 wasiompigia Baali goti, na akampa Elisha wa kuipokea kazi. Usingizi, chakula, sikio la kumsikiliza, na mtu wa kumkabidhi.

Tusidhani haya ni ya wachungaji dhaifu. Charles Spurgeon, aliyehubiria maelfu pale Metropolitan Tabernacle, London, aliteswa na huzuni nzito kwa miaka mingi, wala hakuwaficha wanafunzi wake wa uchungaji. Majira ya baridi alikuwa akienda kupumzika Menton, Ufaransa, na huko ndiko alikofariki mwaka 1892.

Basi tufanye hivi. Kuanzia Jumapili jioni hadi Jumanne asubuhi, simu za kanisa zipokelewe na wazee kwa zamu. Ukipata msiba au ukilazwa, mzee wa zamu atakuja, naye atamjulisha mchungaji inapobidi. Mama mchungaji asiwe njia ya mkato. Mwenye lawama juu ya mahubiri aisubirishe hadi Jumatano. Aliyebarikiwa amwambie mchungaji siku hiyohiyo, tena amtajie ni neno gani lililomgusa.

Nawe mchungaji wetu, lala. Kula chakula cha moto ukiwa umekaa. Toka nje utembee, hata wakati wa baridi. Mpigie mchungaji mwenzako wa mji mwingine, si kwa kupanga mkutano, bali kusema yaliyo moyoni. Na barua ya kujiuzulu usiiandike Jumatatu.

Kuna neno moja zaidi, nalo tulishike sote. Huzuni ikizidi wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikapotea, na mtu asifurahie tena alichokipenda, huenda si uchovu tu. Ni ugonjwa, na unatibika. Amwone daktari, kama anavyokwenda kwa ajili ya presha au sukari. Kumeza dawa si kukosa imani. Na yeyote akisema kama Eliya kwamba afadhali afe, tusimwache peke yake. Hapa Marekani tupige namba 988, saa yoyote, usiku au mchana.

Malaika hakumwambia Eliya kwamba safari ni nyepesi. Alimwambia ni kubwa mno kwake, kwa hiyo ale. Safari ya mchungaji wetu nayo ni kubwa. Mkate na gudulia la maji viko mikononi mwetu.

Mungu awabariki. Amina.