Mguu Sawa

Kila Siku ya Mashujaa sisi wa Masalani tunamiminika uwanjani kuangalia gwaride. Maskauti wanatangulia, mwingine soksi moja juu, moja chini, kisha polisi, na watoto wanapiga makofi wakifuata mguu. Ayeeyo, nyanya yangu, haji. Anasema buti zikilia kwa pamoja tumbo linamgeuka.

Mimi nilikuwa skauti, na sitadanganya, gwaride ni tamu. Nusu saa ya kushoto-kulia juani na unasahau hata njaa. Mwanahistoria William McNeill aliingizwa jeshi la Marekani mwaka 1941, akafanyishwa hayo hayo huko Texas. Mwaka 1995 alitoa kitabu kizima kuhusu ile raha ya miguu kwenda pamoja, na jinsi inavyowafunga watu wakawa kitu kimoja.

Zamani kazi yake ilikuwa wazi. Mwishoni mwa karne ya 16 Maurice wa Nassau, kule Uholanzi, aliwazoesha askari wake kupakia bunduki hatua kwa hatua, kila hatua na amri yake, wote kwa wakati mmoja. Kusimama kwenye mstari ndiko kulikuwa kupigana kwenyewe. Leo nani ataingia msitu wa Boni kwa mstari, kushoto-kulia? Si ni kujianika tu! Lakini gwaride halijaachwa, kwa sababu kinachofunzwa si mguu, ni sikio. Usikie amri na utende kabla hujauliza. Risasi zikianza, anayesita anajiua na anaua wenzake.

Jibu hilo lilinitosha mpaka nilipomwambia Ayeeyo.

Yeye alikuwa Garissa Novemba 1980. Maafisa wa serikali walikuwa wameuawa, na vikosi vya usalama vikachoma nyumba Bulla Kartasi na kuwafungia watu katika uwanja wa shule. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Nikamwambia wale walikosa nidhamu. Akaniangalia vile alivyoniangalia siku niliyoacha chuo.

"Wakiambiwa simama, wanasimama. Wakiambiwa nenda, wanaenda. Mimi nilikuwa nangoja mmoja tu akosee mguu."

Bado sikubaliani naye kabisa. Mwenye bunduki asiyejua kusimama anaogopesha zaidi, na majirani zetu ng'ambo ya mpaka wameishi na wanamgambo wa aina hiyo miaka mingi. Ila tazama sheria ya jeshi letu ya 2012: kosa ni kukataa amri halali. Halali! Yaani askari anatakiwa aipime amri kwanza, na gwaride lote limetengenezwa ili asipime. Tunamzoesha kijana miezi kutofikiri uwanjani, halafu tunamtarajia afikiri saa ile moja, mlangoni kwa watu, mkubwa wake akimfokea mgongoni.

Mwalimu wetu wa skauti alikuwa na mchezo. Amri isiyotanguliwa na neno "gwaride" si amri. Akisema "Gwaride, nyuma geuka," unageuka. Akisema "Nyuma geuka" tupu, ukigeuka umetoka, kaa kando. Mimi, niliyesifiwa kwa mguu sawa, nilikuwa natoka wa kwanza. Mwili ulikuwa umeshageuka kabla sijagundua kwamba lile neno halikusemwa.