Andalio la Somo Limekamilika, Mtoto Je?

Wiki hii alinijia binti wa kaka yangu, anayesomea ualimu wa elimu ya awali. Yuko kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja hapa Tanga mjini. Shikamoo yake sijaimaliza kuiitikia, akaanza kumwaga yaliyomjaa. Mkufunzi alikuja kumpima. Akakagua azimio la kazi, akakagua andalio la somo, akazisifu zana: vizibo vya soda vya kuhesabia, makombe ya pwani, herufi zilizokatwa kwenye maboksi. Akampa alama nzuri, akasaini, akapanda bodaboda.

"Sasa kinachokuliza nini?"

"Shangazi, mtoto mmoja alilala mkekani kipindi kizima. Mkufunzi alimruka akaenda kutazama kona ya hesabu."

Mtoto huyo ana miaka mitano. Alfajiri mama yake huwahi samaki soko la Deep Sea, naye huamshwa pamoja na nyumba nzima. Darasa la awali hutoka saa tano na nusu. Yeye hukaa chini ya mwembe, tumbo tupu, akimngoja kaka yake wa darasa la nne mpaka saa nane. Hapo huunganisha chuoni, yaani madrasa, kwa maalimu, nyumbani ni magharibi. Binti kayajua haya kwa sababu mchana mmoja alikaa naye pale mwembeni. Kwenye andalio la somo hayana pa kuandikwa.

Wako watakaoniambia kazi ya mwalimu ni kufundisha, malezi ni ya mama, na kwamba ati sisi tulilelewa na mtaa. Tulilelewa, sikatai. Lakini mtaa ule ulikuwa na bibi barazani mchana kutwa. Bibi wa leo yuko gengeni anauza nyanya. Shuleni nako, sera ya elimu ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, ada ikaondolewa 2016, watoto wakamiminika. Hao 25 kwa mwalimu mmoja wanaotakiwa na mwongozo, nionyesheni walipo! Kisha Desemba 2021 serikali ikazindua programu ya taifa ya malezi na makuzi, ikaweka afya, lishe, ujifunzaji na ulinzi wa mtoto kapu moja. Mbona fomu ya kumpima mwalimu mtarajiwa imebaki na ujifunzaji peke yake?

Wala kuyaunganisha masomo na malezi si jambo geni kwetu watu wa pwani. Kule Mombasa, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, akisaidiwa na Taasisi ya Aga Khan, aliwafunza kinamama wa mitaani kuendesha shule za awali zilizoshikamana na madrasa, watoto wakicheza na kujifunza kwa vitu vya nyumbani. Mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Hakuna aliyeona dini imepungua wala shule imeharibika.

Kwangu mimi, mazoezi yanayokwisha kengele ya saa tano na nusu ni nusu ya mazoezi. Mwalimu mtarajiwa wa awali apelekwe pia madrasa alasiri, apelekwe na kwenye vituo vya kulelea watoto, na apewe alama kwa hilo. Msinitajie nauli, madrasa nyingi ziko ng'ambo ya barabara tu.

Wakufunzi mnaopita mashuleni mwezi huu, kabla ya kusaini mwulizeni mwanafunzi wenu: watoto hawa wakitoka hapa wanakwenda wapi, na wanakula nini?