Tungojane Mezani



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulifanya kila siku, wala wengi hawalihesabu kuwa ni jambo la dini, nalo ni kula. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 10, Mtume Paulo ametufundisha ya kuwa hata katika kula na kunywa imetupasa kumtukuza Mungu. Basi, ikiwa ndivyo, chungu cha nyumbani, sahani ya hotelini na kifurushi cha safarini, vyote vimo mbele ya macho ya Mungu. Wala hapana mahali ambapo Mkristo aweza kusema, Hapa nala tu, dini nimeiacha kanisani.

Kwanza na tuondoe fikira moja isiyo njema. Wako watu wadhanio ya kuwa mtu wa Mungu hapaswi kufurahia chakula, ila ale kama anywaye dawa. Sivyo. Mungu angaliweza kutulisha sote kwa kitu kimoja kisicho na ladha. Lakini yeye ameweka utamu katika ndizi mbivu, na mafuta katika nazi, na harufu nzuri katika iliki na mdalasini. Mwokozi wetu alikwenda arusini Kana, akala nyumbani mwa Simoni Mfarisayo, hata adui zake wakamsingizia ulafi. Tena alipokwisha kufufuka aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya makaa ufuoni mwa ziwa. Kwa hiyo mtori wa Wachaga, wali wa nazi wa watu wa pwani, ndizi na maharage za Bukoba, ugali na samaki wa ziwani, vyote ni karama za Baba mmoja, naye hupendezwa watoto wake wakila kwa furaha.

Lakini karama yataka shukrani. Dokta Martin Luther, alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, alieleza ombi la nne la Sala ya Bwana ya kuwa riziki yetu ni chakula na kinywaji, tena ni nguo, na nyumba, na shamba, na majirani wema, na mambo mengine mengi yaupasayo mwili. Na katika kitabu kile kile aliweka sala ya kabla ya kula, na nyingine ya baada ya kula. Angalieni sana hiyo ya pili. Wengi hukumbuka kuomba wakati chakula kikitoa moshi na tumbo likingoja. Lakini wakiisha kushiba huondoka kama watu waliokwisha kulipa deni. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, mlango wa 8, chatuonya ya kuwa ni katika shibe hasa mtu humsahau Bwana Mungu wake.

Sasa na tuitazame meza ya nyumbani. Wakristo wa Korintho walikuwa wakikusanyika kula pamoja. Lakini wenye mali walikula upesi vyakula vyao wakashiba, hata wengine wakalewa, na maskini wakakaa na njaa. Paulo akawakemea sana, akawaagiza wangojane. Je, neno hilo halihusu nyumba zetu? Ziko nyumba ambamo baba huandaliwa peke yake, na vipande vyote vya nyama huwekwa katika sahani yake, na mama na watoto hukaa jikoni wakichovya ugali katika mchuzi uliobaki. Kumheshimu baba ni jambo jema, maana amri ya nne yatuagiza hivyo. Lakini Mungu hakuitoa amri hiyo ili mtoto akose kitoweo. Wauguzi katika zahanati zetu hufundisha ya kuwa mtoto akuaye, na mama mwenye mimba, na yule anyonyeshaye, ndio wahitajio zaidi mayai, maziwa, nyama na maharage. Basi baba Mkristo na awaite wote, aombe pamoja nao, na agawe kwa mkono wake mwenyewe, akianza na aliye mdogo. Hapo heshima yake haitapungua, bali itaongezeka.

Neno hilo latuelekea hata sisi tutembeleao nyumba za watu kwa kazi ya Injili. Wazee wetu husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu wa dini akifika, mara nyingi kuku mmoja aliyekuwapo huchinjwa, na watoto wa nyumba husimama mlangoni wakitazama. Bwana Yesu aliwaruhusu wajumbe wake kula walichoandaliwa, nasi twala kwa moyo mweupe. Kukataa ni kumhuzunisha mwenyeji. Lakini mgeni mwenye busara hukumbuka waliosimama mlangoni, na nyama nzuri huiacha katika bakuli, ili mithali ile iwe kweli, na mwenyeji apone pamoja na watoto wake.

Twende sasa hotelini. Si dhambi kula hotelini. Mfanyakazi aliye mbali na kwao, na mwanafunzi, na mwenye biashara, wote hulishwa huko. Na mama lishe aamkaye kabla ya alfajiri kuwasha moto awafanyia watu kazi njema mbele za Mungu. Lakini yako mambo matatu ya kuangaliwa. La kwanza, yuko mtu ambaye siku ya mshahara hukaa na rafiki zake, akaagiza nyama ya kuchoma na vinywaji hata usiku, naye ajua ya kuwa nyumbani unga umekwisha. Mtu huyo na asome Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, mlango wa 5, aone jinsi Mtume amhukumuvyo mtu asiyewatunza walio wake. Si nyama iliyo mbaya. Ubaya ni kuila huku wake wamelala na njaa.

La pili ni deni. Wako watu walao kwa mkopo kwa mama lishe, leo, na kesho, na kesho kutwa. Kisha mwezi ukiisha hupita njia nyingine wasionane naye. Kwa sahani zile mama yule alikopa mchele na mkaa, na kwa faida yake ndogo hununua madaftari ya watoto. Yakobo asema katika mlango wa 5 ya kuwa ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Je, wali ulioliwa bila kulipwa hautalia? Nani atamsikiliza mwinjilisti juu ya msalaba, ikiwa jina lake limeandikwa katika daftari la madeni pale sokoni?

La tatu, tuwe na adabu kwao watuhudumiao. Kijana aletaye maji ya kunawa ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Si mtu wa kupigiwa kelele wala kutukanwa kwa sababu chai imechelewa.

Mwisho ni chakula cha safarini. Matendo ya Mitume, mlango wa 27, yatuonyesha Paulo baharini katika tufani. Siku 14 watu walikuwa hawakula. Ndipo Paulo alipotwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula. Nao wote, watu 276, wakapata moyo, wakala. Wengi wao hawakumjua Kristo. Paulo hakuona haya kushukuru kati yao, wala hakufanya maonyesho. Alishukuru kwa kuwa alikuwa na shukrani. Nasi katika basi na tuinamishe vichwa kidogo. Na jirani tuliyeketi naye akiwa Mwislamu aliyefunga, tule kwa staha, tusimfanyie dhihaka.

Katika njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, ipitayo Chalinze, Segera, Korogwe na Same, wachuuzi huyakimbilia magari wakiwa na machungwa, mahindi na korosho. Abiria hupokea kwa dirishani, hutafuta fedha pole pole, na mara gari huondoka. Mchuuzi hukimbia nyuma yake katika vumbi, kisha husimama. Na wako wachekao. Ndugu zetu, chungwa lile limeibwa. Kushukuru kwa kitu kilichoibwa ni kumdhihaki Mungu. Toa fedha kwanza, ndipo upokee. Nawe utakula kwa raha. Wala tusitupe mabaki ovyo, maana Bwana alipokwisha kuwashibisha wale elfu tano aliamuru vipande vikusanywe, navyo vikajaa vikapu 12.

Wapenzi, tukiishia hapa tumewapa Sheria tu, nayo yatuhukumu sote, maana hakuna alaye bila lawama siku zote. Sikieni basi Injili. Yuko Mwenye nyumba ambaye hakula peke yake. Aliwakalisha mezani pake watoza ushuru na wenye dhambi. Aliutoa mwili wake na damu yake. Na kila tujapo altareni twalishwa bila kulipa kitu, tajiri na maskini kwa kikombe kimoja. Alitungoja tulipokuwa tungali mbali. Aliyengojwa hivyo, je, hataweza kumngoja mtoto wake, na mke wake, na mchuuzi wa njiani?

Ninyi waalimu wa dini, twawaomba: mnapofundisha ombi la nne, msiridhike watoto wakilijua kwa moyo tu. Waulizeni pia kwa upole ni nani alaye mwisho nyumbani mwao, na hupata nini. Kisha nendeni mkawatembelee wazazi.

Bwana na azibariki meza zetu, na walio na njaa tusiwasahau. Amin.